Madaktari, tuulizeni tunakunywa nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na madaktari na wauguzi wa saratani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Muheza. Mwaka juzi nilitolewa titi la kushoto, nikaanzishiwa dripu za dawa za saratani, mzunguko mmoja kila wiki tatu.

Baada ya mzunguko wa pili wifi yangu aliniletea majani ya mstafeli na unga wa mlonge. Wifi si mjinga. Ndiye aliyeniuguza, ndiye aliyekuwa akinishikia beseni nikitapika usiku kucha. Na mimi nisijifanye: mwaka 2011 nilikwenda hadi Samunge, Loliondo, nikanywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500 kwa ajili ya kisukari. (Kisukari ninacho mpaka leo.) Basi nikachemsha mstafeli, nikajaza chupa ya chai, nikawa nakunywa kutwa mara tatu.

Kliniki, mama mmoja alijisahau akataja dawa za kienyeji. Daktari akamkaripia mbele yetu sote: "Basi rudi kwa huyo mganga wako!" Benchi zima kimya. Kila mmoja akavuta mfuko wake karibu na miguu. Zamu yangu ilipofika nikaulizwa kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Nikasema hakuna. Mwalimu niliyefundisha miaka 34, nadanganya kama mtoto aliyekula chaki.

Mzunguko wa nne ukaahirishwa, vipimo vya ini vilikuwa vibaya. Safari hii nikaonwa na daktari kijana. Alifunga mlango kwanza, ndipo akauliza, "Mama, nyumbani unakunywa nini? Hata chai ya majani nitajie." Nikataja vyote, akaandika kimoja kimoja kwenye faili. Hakucheka. Akasema hawezi kujua kama ini limesumbuliwa na mstafeli au na dripu yenyewe, ila dripu nazo hupitia ini, na nikimficha anatibu gizani. Mlonge aliuhofia kwa jambo jingine: ule unga umeanikwa juani, umetwangwa, haukupikwa, na dripu ikishusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, kijidudu kidogo tu kinaweza kukulaza wodini. Tangawizi kidogo kwenye chai, kwa kichefuchefu, akaniachia.

Kisha akanieleza kwamba dripu niliyokuwa nikiingojea, paklitaksel, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa Marekani. "Na mimi nakutibu kwa mti, mama, ila wangu umepimwa." Mstafeli niliuacha siku hiyo hiyo. Yule aliyekaripia hakuachisha mtu kitu, alitufundisha kuficha chupa.

Ninachoomba ni kwamba swali hilo liulizwe faragha, kila mzunguko, na jibu liandikwe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002, na baraza lake lipo. Lakini kadi yangu ya kliniki ina nafasi ya uzito, ya presha, hata ya simu ya ndugu wa karibu; ya mitishamba haina.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga