Neno mashua limenikuta huku

Shoga angu,

Vipi hali, mama mguu unaendeleaje? Mi mzima, baridi tu ndo inanitesa. Uliniuliza huku maabara tunapasua nini, hatupasui kitu, ni vijumba vinne havina hata dirisha, kila kimoja kompyuta na kiti, mwanafunzi anaingia anajifunza maneno karibu saa nzima, sisi tunapima kipi kimebaki kichwani na kipi kimetoka. Mlangoni jina la profesa ila wanaoibeba ni wengine. Kuna dada meneja, yeye ndo ratiba, yeye ndo kuwapigia wasiotokea, na hakubali mtu asaini fomu ya ridhaa kabla hajaisoma hata kama nje kuna foleni. Halafu vijana wa digrii ya kwanza, hao wanakagua majibu moja moja mpaka usiku, mtu kakosea herufi moja wanabishana dakika 10 tumpe ama tusimpe. Nawapenda sana kwa hilo.

Sasa wiki ya kwanza napewa orodha ya maneno, nafungua tu, MASHUA! Machozi yalinilenga aisee. Kumbe Kiswahili kiko kwenye tafiti za kumbukumbu siku nyingi, watafiti Nelson na Dunlosky walitoa jozi 100 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1994 na wengine wakawa wanazitumia, maana wanafunzi wa Marekani hawakijui ila herufi wanazisoma. Dada meneja akaniuliza mashua yenyewe ikoje, nikamtolea picha ya babu Pangani anapiga kalafati, yaani anaziba nyufa za mashua, akaomba aiprinti, sasa hivi iko ukutani pale tunapokagulia majibu.

Ila nakuandikia hasa kwa ajili ya hao Form Two wako uliosema wanasoma daftari mara tatu na kwenye mtihani hola. 2008 watafiti Karpicke na Roediger walichukua maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza wakawapa wanafunzi wa chuo, wote wakayashika siku ile ile. Tofauti ni kwamba mtu akishalipatia neno mara moja, kuna kundi waliendelea kuulizwa, kuna kundi waliendelea kulisoma tu bila kuulizwa tena. Baada ya wiki moja wale wa kuulizwa wakakumbuka kama asilimia 80, wale wa kusoma tu 36! Na walipotakiwa wakisie watakumbuka mangapi makundi yote yalisema karibu nusu, yaani mtu mwenyewe hata hajijui kama kashika au hajashika.

Kwa hiyo shoga angu wafunikishe madaftari, waulize, kesho waulize tena yale yale hata waliyopatia, hasa waliyopatia, usiseme hili wanalijua tuliache. Jaribu na darasa moja tu hata wiki mbili halafu niandikie imekuwaje, nitamsomea dada meneja, kila siku ananiuliza kuhusu wewe na watoto wako.

Msalimie mama, na ukipita Pangani mwambie babu picha yake iko ukutani.

Wako wa siku zote