Mzigo Uliopangwa Sebuleni Haumo Katika Bima ya Nyumba

Wateja wetu wengi wanaouza nguo, vipodozi na vyombo kupitia Instagram na WhatsApp huja ofisini wakiamini kwamba, kwa kuwa nyumba ina bima, marobota yaliyopangwa sebuleni nayo yamo. Kwa kawaida hayamo. Bima ya vyombo vya nyumbani hukadiriwa kwa kuangalia matumizi ya familia, na mikataba mingi huziacha nje bidhaa za kuuza; bima ya mwenye nyumba nayo hulinda jengo lake, si mali ya mpangaji. Ndiyo maana tunasisitiza uandike wazi katika fomu ya kuomba bima kwamba unafanyia biashara nyumbani, kwa sababu hilo utakalolificha ndilo mtathmini wa hasara atakaloliona mara tu anapoingia mlangoni.

Linalowaumiza zaidi hata waliokata bima inayofaa, yaani ile inayojumuisha bidhaa za kuuza, ni kutaja thamani ndogo ya mzigo ili ada ishuke. Tuseme una bidhaa za shilingi milioni 8 nawe umezikatia bima ya milioni 4. Moto ukiteketeza za milioni 2, mkataba wenye kifungu cha uwiano utakuhesabu kuwa nusu ya hatari uliibeba mwenyewe, hivyo fidia itakuwa milioni 1, na humo bado kitakatwa kile kiasi cha hasara ambacho mkataba unakutaka ukibebe. Kwa hiyo taja thamani ya mzigo unapokuwa mwingi kabisa, yaani majuma machache kabla ya Idi au Krismasi, na uihesabu kwa bei uliyonunulia Kariakoo, si kwa bei unayouzia.

Kwa upande wa wizi, mikataba mingi hudai dalili za kuvunjwa mlango au dirisha. Kilichochukuliwa na msaidizi wako huhitaji bima nyingine.

Mzigo ukishatoka nyumbani, usiitegemee bima ya bodaboda. Ile ya lazima ni ya mtu wa tatu: humfidia aliyegongwa, wala haikigusi kifurushi kilichofungwa nyuma ya dereva. Anayetuma bidhaa za thamani mikoani aulizie bima ya mizigo safarini.

Risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti za kodi) na picha za bidhaa zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, maana daftari huungua pamoja na mzigo. Na kabla ya kulipa ada, iwe kwetu au kwingineko, hakikisha wakala ana leseni hai ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania.