Asante, mkutubi wa zamu ya Jumamosi

Ndugu mkutubi uliyekuwa zamu Jumamosi hapa Kampala, sisi walimu wa Kiswahili tunakushukuru kwa dhati. Ulitufungua macho: tukitafuta kwenye katalogi ya maktaba kwa kuandika “Kiswahili” au “Luganda” tunapata vitabu pepe vichache kwa sababu katalogi nyingi hupanga mada kwa Kiingereza, yaani “Swahili language” na “Ganda language”, neno ambalo nani angelikisia? Kichujio cha lugha, chenye misimbo swa na lug, huokota vilivyobaki. Ukasisitiza pia leseni, yaani ruhusa ya kutumia kitabu pepe. Kitabu chenye leseni ya msomaji mmoja tu kwa wakati hakifai darasa la wanafunzi 60, hata kiwe kizuri vipi. Afadhali chenye leseni huria, inayoruhusu yeyote kukitumia na kukisambaza, kama hadithi za African Storybook (tovuti ya hadithi za watoto kwa lugha za Kiafrika), kipakuliwe mapema, kisomwe bila intaneti. Mungu akuzidishie.