Kwa wazazi wa watoto wa shule ya Jumapili: muulizeni mtoto kwanza

Wanangu,

Bwana asifiwe. Jumapili iliyopita nilikuwa nikimimina chai nje ya kanisa, mkadhani sisikii. Nilisikia. Mmoja wenu alisema flashi zote za filamu za kutisha zichomwe. Mwingine akacheka, "Hiyo ni katuni tu, mtoto atazoea." Mkaachana mmenuniana. Mimi nilinyamaza kwa sababu kesi hiyo nilishaipata nyumbani kwangu hapa Kisumu, na mkosaji nilikuwa mimi.

Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule. Fundi yeyote wa soko la Kibuye atawaambia kuwa mwezi huo hatulali. Mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa ananizunguka, anauliza hili na lile, na sketi za watu zinangoja upindo. Mjomba wake alikuwa amewekewa filamu kwenye flashi pale duka la muvi. Nikaona msichana mwenye nywele za samawati, nikasema hii ni ya watoto, nikaiwasha, nikarudi kwenye cherehani. Dakika 100 za utulivu. Nilimshukuru hata Mungu.

Filamu yenyewe ni Coraline, ya mwaka 2009, ambayo Henry Selick aliitoa katika kitabu cha Neil Gaiman. Msichana anapita mlango mdogo ukutani, anamkuta mama wa pili anayefanana na mamake, mpishi hodari, mchangamfu, ila mahali pa macho ana vifungo vyeusi vya nguo. Naye anamwambia msichana kwamba akitaka kukaa pale daima, lazima ashonewe vifungo machoni. Sasa fikirini: mtoto anayatazama hayo, na hatua tatu kutoka alipoketi nyanya yake ameinama na sindano, mkebe wa vifungo uko miguuni.

Hakulia. Lakini Jumapili alikataa shati la kanisani. Mamake akadhani ni utundu, wakavutana mpaka tukachelewa, mwishowe akaenda na fulana. Usiku wa Jumatatu nilisinzia kitini, nikahisi kidole kidogo kwenye kope yangu, kinabonyeza polepole. Alikuwa anahakikisha.

Hapo nikakosea mara ya pili. Nilimshika kichwa nikakemea roho ya hofu kwa sauti ya mkesha, hata jirani akagonga ukuta. Mtoto akaanza kutetemeka. Kumbe nilikuwa nimemthibitishia kwamba kweli kuna kitu kimeingia nyumbani! Simaanishi maombi ni kosa. Nilimwombea kabla sijamuuliza anaogopa nini.

Nilimuuliza kesho yake, nikimenya viazi. Akanijibu kwa swali (Dani ni nyanya kwa Kijaluo): "Dani, yule mama mwingine alikuwa anapika vizuri kumshinda mama. Mbona alikuwa mbaya?"

Niliweka kisu chini. Tukaanza na yule nyoka wa Edeni, ambaye hakuja na rungu, alikuja na tunda linalopendeza macho. Nikamuuliza, mamako akikufokea kwa sababu hujaoga, anataka nini? "Nioge." Na yule wa vifungo alitaka nini? Akakaa kimya kitambo. "Alitaka niwe wake tu." Nimekaa darasa la akina mama tangu nikiwa bibi harusi, na sijasikia jaribu likielezwa kwa maneno machache hivyo. Viazi vilibadilika rangi tukiongea.

Jioni mjomba wake akatafuta kwenye simu jinsi filamu ile ilivyotengenezwa. Ni wanasesere, watu wanawasogeza kidogo kidogo na kuwapiga picha moja moja. Kuna mwanamke anaitwa Althea Crome aliyefuma sweta ya yule msichana, sweta ndogo ya mwanasesere, kwa sindano nyembamba kama waya. Mjukuu wangu akatazama sana. "Kumbe ni mafundi kama wewe," akasema.

Ninyi mnaotaka kuchoma flashi, mimi nimekulia upande wa Kendu Bay, karibu na ziwa la Simbi Nyaima. Usiku kwenye siwindhe, nyumba ya nyanya ambamo watoto husimuliwa hadithi, nyanya yangu alitusimulia jinsi bikizee alivyonyimwa hifadhi na kijiji kizima, mvua ikanyesha, kijiji kikazama na watu wake wakicheza ngoma. Asubuhi tulikuwa tukiyaona maji yenyewe. Tuliogopa, na hakuna aliyeharibika. Na Biblia je? Mwalimu wa watoto wenu aliwafundisha juzi habari ya Yaeli na kigingi cha hema katika kichwa cha Sisera, na hakuna mzazi aliyelalamika. (Mimi ningengoja wakue kidogo.)

Lakini nyanya yangu alikuwa na koroboi. Alitutazama nyuso. Mdogo wetu akianza kuvuta blanketi, sauti yake inashuka, sungura anaingia kwenye hadithi hata kama hakuwa na kazi humo. Televisheni haimwoni mtoto. Inaendelea tu.

Kwa hiyo ninyi mnaosema atazoea, kaeni kando ya mtoto mumtazame uso. Wa miaka tisa atacheka mahali ambapo wa miaka minne anaziba macho kwa mkono wa sweta, na wote wako nyumba moja. Ukiona anaziba, zima, hata kama mkubwa atanung'unika. Na msimcheke, maana mtoto aliyechekwa leo kesho hasemi, na kesi yangu ilianza kwa mtoto kutosema.

Alama za Bodi ya Kuainisha Filamu ziangalieni pia: GE ni ya wote, PG inamtaka mzazi, halafu 16 na 18. Coraline kule Marekani waliipa PG, yaani mzazi awepo, na mimi nilikuwepo kwa mwili tu. Televisheni zetu zimekatazwa mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, lakini flashi haina saa.

Jumamosi hii alasiri njooni kwangu na watoto, mlete filamu mnazozozania. Chai ipo. Tutatazama pamoja, tukisimamisha kila anayetaka kuuliza anapoinua mkono, hata ikituchukua mpaka magharibi.

Mjukuu wangu amerudi kuvaa shati. Kifungo cha juu amekishona mwenyewe, kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe, basi mkimwona kanisani msishangae. Bado ananidai jibu moja: yule paka mweusi aliyemsaidia msichana, alitumwa na nani? Nimemwambia amuulize mchungaji.

Ni mimi nyanya yenu,
fundi wa nguo, Kibuye