Ambakisye, nitafutie tope

Dodoma, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ambakisye,

Ugonile? Sisi huku wazima, ni vumbi tu na huu upepo wa jioni unaotaka kung'oa bati. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa kwa kina Sekela, na najua utasema huyu Mgogo hunikumbuka akiwa na shida. Ni kweli, nina shida. Nataka tope.

Usicheke kwanza. Nataka tope la Songwe, pale kwenye chemchemi za maji moto, na katika watu wote ninaowajua ni wewe unayeweza kufika pale asubuhi na mchana ukawa umerudi dukani.

Unakumbuka nilikwambia nahangaika na bakteria wanaotoa haidrojeni, ile gesi inayowaka? Wapo wanaopenda joto kupita kiasi. Mmoja anaitwa Thermotoga maritima, alielezwa mwaka 1986 baada ya kupatikana kwenye mchanga wa moto wa baharini kule Vulcano, Italia. Huyo hustawi kwenye nyuzi 80, joto ambalo wewe ukitumbukiza kidole utamwita mama. Kapewa jina la toga, lile vazi la Warumi, maana ngozi yake ya nje inapwaya ncha zote mbili. Mimi namwita mzee wa lubega. Mpe sukari, mnyime hewa, anaivunja anakuachia haidrojeni, kaboni dioksaidi na asidi ya siki. Kwa molekuli moja ya glukosi, yaani hiyo sukari, kiwango cha juu ni molekuli nne za haidrojeni, na hawa wa joto kali wanakikaribia. Wenzao wa joto la kawaida mara nyingi huishia mbili, au hata hazifiki.

Sasa mzee wa lubega sina. Nilicho nacho ni samadi ya ng'ombe wa baba. Jaribio la kwanza gesi ilitoka vizuri, nikaiwasha, ikawaka taratibu, bluu, kama jiko la mtu. Nikajua nimeliwa: hiyo ni methani. Ndani ya samadi kuna viumbe wanaokula haidrojeni kabla hujaiona, wanaigeuza kuwa methani. Dawa yake ni kuchemsha samadi. Hao walaji hufa, ila baadhi ya watoaji hujifungia kwenye gamba gumu wakasubiri mambo yapoe. Basi nikachemsha, jiko la mkaa nyuma ya nyumba, sufuria nzima. Mama Neema akachungulia ukutani: "Baba, leo mnapika nini?" Sikuwa na jibu la heshima.

Lakini ikafanya kazi! Siku ya tatu, beseni la maji lenye chupa zangu likiwa nyuzi 60, sirinji ya kukusanyia gesi ikaanza kujisukuma yenyewe, taratibu, mililita baada ya mililita. Nikaipeleka gesi kwenye bomba la majaribio, nikasogeza njiti: pwa! Ule mlio wa haidrojeni wa kidato cha pili, bwana. Niliruka kama mtoto.

Usiku ule ule umeme ukakatika. Asubuhi kipimajoto kinasoma 31 na chupa zote kimya. Wiki mbili za kazi... tuyaache.

Ndiyo maana nataka wa Songwe, waliozaliwa motoni. Nenda pale maji yanapobubujika, si pale watu wanapoogea. Chota tope pamoja na maji yake, jaza chupa ya chai hadi mdomoni, usiache hewa hata kidogo, funga, andika joto la maji ulipochota. Tumia kijiko kirefu, yale maji yanababua. Kisha mpe kondakta wa basi la Dodoma. Umwambie si chai, tafadhali.

Mama anadhani nitampikia kwa gesi hii. Nilimpigia hesabu mezani: kilo moja ya glukosi, mambo yakienda sawa kabisa, inatoa gramu 44 hivi za haidrojeni. Kuufikia mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 6 kwa moto wake, unahitaji zaidi ya kilo 50 za glukosi. Akanitazama, akasema, "Si bora tunywee chai?" Amenishinda. Sukari nyingi inaishia kwenye ile siki, haigeuki gesi. Ndiyo maana jicho langu liko kwenye makapi ya zabibu na mabua ya mtama, vitu ambavyo hapa vinatupwa au vinaliwa na mbuzi. Kuna bakteria wa chemchemi moja ya New Zealand, anapenda nyuzi 70, anayekula hadi nyuzinyuzi za mimea. Huenda Songwe kuna binamu yake. Huenda hakuna. Lakini bila tope nitajuaje?

Haya, nijibu upesi. Njia ya kule maji moto inapitika kwa pikipiki siku hizi? Sekela amesema nini kuhusu ile hela? Mtoto ameshaanza kutembea, au bado anakaa akitazama watu kama babu yake? Shemeji bado ana kinyongo na mimi kwa ile sufuria? (Safari hii nimetumia yangu, mwambie.) Na chupa ya chai ya kupoteza unayo, au ninunue huku nikutumie? Kipimajoto je?

Wako,
Yona