Chakula cha shule kianzie darasa la awali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo katika vijiji vyetu hupamba moto wakati wa mavuno, wazazi wanapotakiwa kuchangia mahindi, kisha hupoa mara mahindi hayo yakishaingia ghalani: chakula cha watoto shuleni, na hasa cha watoto wa darasa la awali katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini umeshuka hadi asilimia 30, kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16. Hiyo ni hatua ya kushukuru. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa Iringa ina udumavu wa takriban asilimia 57, na kwamba Njombe na Rukwa zinakaribiana na asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Magari ya mahindi na viazi yanayoteremka kila siku kuelekea Dar es Salaam yanatoka katika vijiji ambamo nusu ya watoto wadogo ni wafupi kuliko umri wao, na ni dhahiri kwamba katika vijiji hivyo tatizo si uhaba wa chakula. Mama anaondoka alfajiri kwenda shambani, mtoto anabaki na bibi au na dada yake ambaye naye bado mdogo, anakula ugali wa sembe mara mbili kwa siku, na asubuhi anakunywa chai ya rangi ambayo, kwa kadiri wataalamu wa lishe wanavyotufundisha, inapunguza hata kile kiasi kidogo cha madini ya chuma ambacho mwili wake ungekipata kwenye mboga.

Najua jibu ambalo maofisa wengi hutoa hapa, nalo ni la kweli: udumavu hujengeka katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na uji wa shuleni hauwezi kurudisha kimo kilichokwisha kupotea. Ninalikubali. Ila mtoto huyo hafutiki akifikisha miaka mitano. Anaingia darasa la awali akiwa na upungufu wa damu, ametembea kilomita kadhaa bila kula chochote, na tunatarajia mwalimu amfundishe kutambua sauti za herufi na kuhesabu. Kipimo cha kwanza cha elimu yake yote kinafanyika akiwa na njaa.

Tena mtoto huyu ana balaa la kuangukia katikati ya mafungu mawili. Halmashauri zinaelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa wamesaini mkataba wa lishe unaowapima kwa jambo hilo. Darasa la awali linaanza mtoto akiwa na miaka mitano. Kwa maana hiyo, anatoka kwenye hesabu ya idara ya afya siku zilezile anazoingia kwenye daftari la mwalimu, na huko shuleni anakuta mpango wa chakula ambao aghalabu umepangwa kwa kuwatazama wanafunzi wa darasa la nne na la saba wenye mitihani ya taifa. Mara nyingi darasa la awali linaruhusiwa kwenda nyumbani kabla sufuria ya makande haijaiva. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane kama mtu mmoja. Ni bajeti zetu ndizo zinazomkata vipande.

Utafiti unaotuhusu moja kwa moja ulifanyika magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2004 na Christel Vermeersch na Michael Kremer, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019. Walichagua shule za awali 50, wakazigawa kwa kura: 25 zikapewa uji wa asubuhi, 25 zikaendelea kama kawaida. Mahudhurio katika shule zenye uji yalikuwa juu kwa takriban asilimia 30 kuliko katika shule nyingine. Jambo hilo kila mzazi angeweza kulitabiri. Lililo zito zaidi ni kwamba alama za watoto zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa amepata mafunzo mazuri tangu awali. Kwingineko uji uliwaleta watoto shuleni, lakini muda wa kufundisha ukamegwa na shughuli za chakula, madarasa yakajaa zaidi, na watoto wakamaliza mwaka wakiwa hawajawazidi wenzao wasiokunywa uji.

Matokeo hayo yangepaswa kusomwa katika kila kikao cha kamati ya shule. Wapo wanaoyatumia kudai kwamba chakula hakisaidii kitu, na wapo wanaoyanyamazia kwa kuogopa kwamba michango itapungua. Mimi nayaelewa hivi: ukimwachia mwalimu wa awali jukumu la kusimamia moto, kupanga foleni, kugawa vikombe na kuosha sufuria, huku akiwa na watoto 90 katika chumba kilichokusudiwa kuwa na 25, umechukua kwa mkono mmoja ulichokitoa kwa mkono mwingine. Mpishi anayelipwa, hata kwa posho ndogo inayotokana na kijiji, ni sehemu ya elimu ya mtoto sawa na chaki. Na mwalimu aliyesomea elimu ya awali asiondolewe darasa hilo kila darasa la juu linapopungukiwa mwalimu, kama ilivyozoeleka, kwa kisingizio kwamba wadogo wanaimba tu.

Utafiti wa pili unahusu kile kinachowekwa ndani ya sufuria. Kati ya mwaka 1998 na 2000, katika tarafa ya Kyeni Kusini huko Embu, Kenya, timu ya Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi ilifuatilia watoto wa darasa la kwanza katika shule 12. Shule tatu zilipewa githeri, ambayo sisi tunaiita makande, iliyoongezwa nyama ya kusaga. Tatu zikapewa makande na maziwa. Tatu makande yaliyoongezwa mafuta ili nguvu ya chakula ilingane. Na tatu hazikupewa chakula. Watoto waliopata nyama ndio walioongeza zaidi alama katika jaribio la kufikiri kwa kutumia maumbo, na hata uwanjani walionekana kucheza kwa bidii zaidi na kuongoza wenzao. Hali ya vitamini B12 mwilini iliboreka kwa waliopata nyama na kwa waliopata maziwa, na maziwa yalisaidia kimo cha baadhi ya watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa. Wale wa mafuta walishiba sawasawa na wenzao, ila kushiba kwao hakukuleta matokeo hayo.

Sasa tutazame mchango wa kawaida katika shule zetu: debe la mahindi, pengine na kilo chache za maharage. Mahindi yanapelekwa mashineni yanakobolewa, kiini na pumba vinabaki kwa ajili ya nguruwe, na watoto wanapikiwa uji mweupe wa sembe na sukari. Simlaumu mzazi, kwa sababu ametoa alichoagizwa. Aliyetakiwa kuagiza vizuri zaidi ni ofisa lishe wa halmashauri pamoja na kamati ya shule. Mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimu msingi upo tangu mwaka 2021, na hakuna kinachokataza kijiji kuamua kwamba uji wa awali utakuwa wa dona, kwamba debe la mahindi litaambatana na kipimo cha maharage na kikombe cha dagaa waliokaushwa, na kwamba wafugaji watatoa maziwa kwa zamu. Nyama kila siku hatuiwezi. Dagaa wa Ziwa Nyasa wanafika hadi minada ya ndani kabisa, na Njombe imewahi kuwa na mpango wa maziwa ya shule yaliyosindikwa palepale Njombe, kwa hiyo hili si jambo geni kwetu.

Geni pia si suala la uzito wa uji, ambalo naomba nilikazie kidogo kwa sababu limesahaulika mno. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Uji mzito unamshinda kuumaliza, na ukiongezwa maji anakunywa maji. Watafiti Mosha na Svanberg, katika kazi waliyoifanya kijiji cha Luganga mkoani Iringa na kuichapisha mwaka 1990, walionyesha kwamba unga kidogo wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ukichanganywa kwenye uji mzito unaulainisha bila kuongeza maji, na mtoto anaweza kupata chakula kingi zaidi katika kikombe kilekile. Bibi zetu walijua kuotesha ulezi kwa ajili ya togwa. Ujuzi uko nyumbani, na gharama yake ni ndogo mno.

Kuhusu uendelevu wa mpango wenyewe, hofu yangu kubwa ni kuni. Maharage makavu yanakula kuni nyingi, na shule inayopikia mafiga matatu inamaliza miti ya kijiji kwa kasi ya kutisha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unakusudia kufikisha matumizi ya nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na shule zimo katika taasisi zinazotajwa mara kwa mara. Wakati majiko ya gesi hayajafika, maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe, jambo linalopunguza muda wa kupika na pia kemikali asilia zinazozuia mwili kufyonza chuma na zinki. Na bustani ya shule ipandwe viazi lishe vya rangi ya machungwa, vyenye vitamini A, badala ya kuachwa kuwa adhabu ya wachelewaji. Karanga na mahindi vikaguliwe ukavu kabla ya kupokelewa. Vifo vilivyotokana na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zenye unyevu, mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara vinatosha kututia hadhari kuhusu maghala ya shule yenye paa linalovuja.

Mengi kati ya haya mkoa wa Iringa umewahi kuyafanya, tena kwa mafanikio yaliyosomwa na dunia nzima. Mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 katika vijiji 168, kwa msaada wa Italia kupitia UNICEF na WHO, ulipima watoto kila robo mwaka, ukajadili matokeo hadharani katika serikali ya kijiji, ukaanzisha vituo vya kulelea watoto mchana vyenye chakula wakati wa kilimo. Katika miaka michache idadi ya watoto wenye uzito mdogo sana ilishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Wazee wanaokumbuka mizani ile iliyoning'inizwa kwenye mti wa ofisi ya kijiji bado wako hai, na wengine wao ni wajumbe wa mabaraza yetu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri za Iringa, Njombe na Rukwa ni mahususi. Msimu huu wa mavuno, kabla ya kupokea debe la kwanza la mahindi, kila kijiji kitangaze kwa maandishi darasa la awali litakula nini, saa ngapi, na nani atapika. Fungu la lishe lisikome siku mtoto anapotimiza miaka mitano. Limfuate hadi amalize darasa la awali. Watoto wapimwe uzito na kimo mwanzoni na mwishoni mwa mwaka wa masomo, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji pamoja na mahudhurio yao, ili mzazi aliyetoa dagaa na maharage yake aone kilichotokea. Nawe, Mhariri, naomba waandishi wako wa mikoani wazifuate taarifa hizo mbao hizo zitakapojazwa, na pia waandike majina ya vijiji ambavyo mbao zake zitabaki tupu.

Mzazi na mjumbe wa zamani wa kamati ya shule,
Mufindi, Iringa