Mhariri, mtuandikie na kuhusu Profesa Carpentier

Kwako Mhariri,

Salaam sana. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, ukurasa wa afya nausoma kabla hata ya michezo, ila kuna mtu sijawahi kuona mmemwandika na naona anatuhusu mno sisi wenye watoto wa moyo, nae ni profesa Alain Carpentier, daktari mpasuaji wa moyo wa Ufaransa.

Nimemjua kwa kutafuta mwenyewe baada ya yaliyotukuta. Binti yangu aliwekewa valvu, yaani mlango wa kupitisha damu ndani ya moyo, akiwa na miaka 14. Valvu yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayoanza na mafindofindo tu, koo linauma, mtoto anasukutua maji ya chumvi, siku tatu yuko uwanjani anacheza, kumbe mwili ukishapambana na wale bakteria unaweza kugeuka ukaushambulia na moyo wake wenyewe, na mkija kushtuka mtoto hapandi ngazi. Kabla ya operesheni tukaulizwa mnataka valvu ya chuma au ya mnyama, mama yake akauliza mnyama gani, akajibiwa nguruwe. Sisi ni Waislamu, tukatazamana, nje foleni inasubiri, tukasema basi ya chuma. Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa huyu Carpentier alizaliwa Toulouse mwaka 1933 na kazi yake kubwa akaifanya Paris, hospitali ya Broussais, baadae ya Georges Pompidou. Alipoanza, valvu ya bandia iliyokuwepo ni ile aliyoitengeneza Mmarekani Albert Starr pamoja na injinia Lowell Edwards mwaka 1960, kidude mfano wa tundu dogo la ndege, ndani kina gololi inapanda na kushuka damu ikipita. Iliokoa watu wengi sana. Ila damu ikigusa kitu kigeni inaganda, ndo maana mwenye valvu ya chuma anameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Carpentier alikuwa na mgonjwa wake mchoraji, operesheni ikaenda vizuri, kisha donge la damu likaenda mpaka kwenye ubongo na uchoraji wake ukaishia hapo. Hapo ndo nilipompenda huyu mtu, kwa sababu angeweza kabisa kusema mi kazi yangu nimemaliza, mgonjwa alitoka mzima, lakini yeye lile jambo likamkaa.

Akaanza kutafuta valvu ambayo damu itaikubali. Mwaka 1965 yeye na Jean-Paul Binet wakamwekea mtu valvu ya nguruwe, ikafanya kazi, ila hazikudumu, mwili ulikuwa unazila taratibu. Sasa angalieni alichofanya, daktari mpasuaji tayari, akarudi kusoma kemia mpaka akapata udaktari wa pili wa sayansi, akitafuta kitu cha kuihifadhi ile nyama isioze na mwili usiikatae. Akakipata kwenye glutaraldehaidi, kemikali ambayo hata kwenye kutengeneza ngozi hutumika, na mwaka 1968 valvu zilizotibiwa hivyo zikaanza kuwekwa kwa wagonjwa.

Na baadae zikaja za utando wa moyo wa ng'ombe. NG'OMBE Mhariri! Niliposoma hapo nikaiweka simu chini nikatoka nje. Hakuna aliyetutajia ng'ombe siku ile. Na shekhe wetu nilipomuuliza akaniambia hata hiyo ya nguruwe penye dharura mlango upo. Sisemi chuma lilikuwa kosa, valvu za wanyama kwa watoto na vijana huchakaa haraka na kurudi kwenye kisu mara ya pili si jambo dogo, pengine tungeshauriwa hiyohiyo ya chuma, ila tungechagua tukijua tunachagua nini.

Kuna na kitu kingine alichofanya ambacho wengi wanasema ndo kikubwa zaidi, kutengeneza valvu ya mtu mwenyewe badala ya kuitoa. Valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo ina vipande viwili kama milango, vimeshikwa na nyuzi, na pembeni kuna duara, duara likitanuka milango haikutani na damu inavuja kurudi nyuma. Yeye akabuni pete ya kurudisha lile duara kwenye umbo lake, akaweka na utaratibu wa kuangalia kila kipande kinavyotembea, kimelegea au kimekaza, ndipo ushone. Kwa ugonjwa wetu wa baridi yabisi kushona ni kugumu maana vipande vinakuwa vinene vimesinyaa, ndo maana kuwahi ni muhimu sana, mtoto akigundulika mapema na kuchomwa sindano zake za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, valvu inaweza isifike huko kabisa.

Mwaka 1992 akaanzisha taasisi ya moyo Ho Chi Minh kule Vietnam. Mwaka 2007 yeye na yule Starr wa gololi wakapewa pamoja tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utabibu ya Marekani. Na uzeeni bado, desemba 2013 ule moyo mzima wa bandia aliohangaika nao miaka mingi, wenye uzito wa gramu 900 hivi, ukawekwa kwa mgonjwa wa kwanza Paris, mzee wa miaka 76, akaishi siku 74, na ndani yake sehemu inayogusa damu imefunikwa na utando uleule wa ng'ombe.

Binti yangu sasa ana miaka 19. Kila jioni anameza warfarini, ndo ile dawa ya kuzuia damu kuganda, mchicha na kisamvu anakula kwa kipimo kilekile asiichanganye dawa, na kituo cha karibu vifaa vya kupima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, vikiisha tunapanda basi. Juzi amemuuliza mama yake, hivi mi nitaweza kuzaa, maana amesoma kwamba hii dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama yake hakuwa na jibu, na mimi pia.

Kwahiyo ombi langu Mhariri, mtafuteni daktari wa moyo aeleze kwenye gazeti kwa Kiswahili cha kawaida aina zote za valvu, faida na hasara zake, ipi kwa msichana anayetaka kuja kuzaa, na mafindofindo ya namna gani mzazi asiyaache. Nitakata ukurasa huo niwapelekee wazazi wenzangu pale kliniki, tunaenda tena Jumanne.

Mzazi,
Tanga